Nimemuua Mkwe Wangu kwa Dadu

Bi. Mwanakheir, mama yetu wa gazetini, shikamoo.

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujacheka, maana kila niliyemweleza jambo hili hapa mjini amecheka kwanza, na wengine hawajamaliza kucheka mpaka leo.

Mimi ni kijana wa Malindi, karani katika bohari ya karafuu, lakini hiyo ni kazi ya kupatia mchele tu, kazi yangu hasa ni uandishi, mimi ni mwandishi wa hekaya za majini na mtungaji wa michezo ya kuchezwa barazani, na najua, Bi. Mwanakheir, kwamba hapa Unguja kazi hiyo haina jina na ukimtajia mtu atakuuliza "haya, na mchana unafanya nini?", lakini nimeifanya tangu nilipotoka skuli na nitaifanya mpaka nizikwe. Kitabu changu kinahusu falme za majini walioko chini ya ghuba ya Chwaka, na mlango wa kuingilia huko ni ile hamamu ya Kidichi, bafu la kale la masultani, na ndani yake mna vita, mna mapenzi, mna samaki wanaosema na mfalme mwenye vivuli viwili, kimoja chake na kimoja cha kuazima. Nimefika kurasa mia tisa na shujaa bado hajazaliwa. Nilikipeleka kwa wachapishaji wa Bara wakanijibu kwa heshima kubwa kwamba kwa wakati huu wanahitaji vitabu vya ufugaji bora wa kuku, nami si mtu wa kukata tamaa, nikaongeza sura nzima ambayo majini wanafuga kuku, tena kusema kweli ni sura nzuri sana, lakini wakanirudishia wakisema kuku wangu wanataga lulu na mkulima wa kawaida hawezi kuwaiga.

Hapa nyumbani nako sikuachwa nikapumua. Ndugu Simai, katibu wa tawi letu, aliposikia kuna kitabu chenye mfalme aliniita akaniuliza, "Hawa majini wako wana mfalme mpaka leo? Mwaka huu wa sabini?" Nikaona mambo yasije yakawa mengine, nikarudi nyumbani nikampindua mfalme katika sura ya kumi na mbili, nikawagawia majini wote eka tatu tatu za sakafu ya bahari, na ndugu Simai akaridhika akanipa mkono, ila hekaya ikapoa, maana tangu siku hiyo hakuna tena wa kumteka binti mfalme, binti mwenyewe yuko kwenye foleni ya mchele na wenziwe.

Basi kitabu kilipokosa pa kutokea nikakigeuza mchezo, na mchezo huo, Bi. Mwanakheir, nasema bila ya kujisifu, haujapata kuonekana pwani hii. Nilichora ramani ya falme zote juu ya gunia la sukari, vipande vya kuchezea ni vizibo vya soda nilivyovipaka rangi, na dadu mbili nilizitoa dukani kwa Mohamedali pale Darajani. Lakini si mchezo wa kukimbizana kama ile mingine, hapana, kila mchezaji ana mtu wake, anampa jina, anampa ukoo na tabia, na mimi ndiye msimulizi, nawaambia mbele yenu kuna pango, ndani ya pango kuna kitu kinapumua, mtafanya nini, na mchezaji husema atakalofanya, kisha dadu huamua kama ameweza au hakuweza. Sheria zake nimeziandika mwenyewe zote. Tulikuwa tukicheza kila Jumamosi baada ya alasiri, Mohamedali akiwa ni jini mfanyabiashara mwenye jahazi la karafuu, ndugu Simai akiwa jini mkulima mwenye punda, kwa sababu alikataa cheo chochote kinachopita hapo, na mahali petu palikuwa ni barazani kwa Mzee Machano.

Mzee Machano alikuwa mnyapara wa wachukuzi bandarini, na tangu astaafu alikuwa akishinda barazani kwake na kahawa yake, hasemi sana. Lakini kwenye mchezo yeye alikuwa ni Amiri Shamsi, mkuu wa merikebu zote za majini, na wallahi, Bi. Mwanakheir, mtu huyo alibadilika. Akiwa Mzee Machano ukimwamkia hujui kama amekuitikia, akiwa Amiri Shamsi sauti yake inafika mpaka msikitini. Alikuwa akija na mipango ya vita aliyoiwaza wiki nzima. Alikuwa akiwataja askari wake kwa majina, askari ambao mimi mwenyewe sikuwapa majina.

Na huyu Mzee Machano ana binti, Kazija, anashona kofia, na huwa tunamsikia akicheka nyuma ya dirisha. Huyo ndiye niliyemkusudia.

Ami yangu alipeleka barua ya posa siku ya Ijumaa, kwa adabu zote, imefungwa kwenye leso ya hariri, wakaipokea vizuri wakasema jawabu njoo Jumapili. Sasa katikati ya Ijumaa na Jumapili kuna nini? Kuna Jumamosi. Mama yangu alinisihi nijitie homa nisiende kucheza, akasema mtu anayengoja jawabu la posa hukaa kwao akatulia, lakini nikamwambia mama, Jumamosi ni Jumamosi, watu watasema msimulizi ameogopa.

Nikaenda. Siku hiyo Amiri Shamsi alikuwa amefika kwenye hamamu ya Kidichi, amebakisha kuvuka tu aingie ufalme wa mwisho awakomboe askari wake waliofungwa. Na sheria yangu inasema mahali penye maji hutupwa dadu moja tu, na anayepata moja mara mbili mfululizo, huyo ameteleza na amekufa. Mzee akatupa dadu. Moja. Mohamedali akaanza kukohoa, akasema, "Jamani, tunywe kahawa kwanza, mzee kachoka." Mzee akasema hakuchoka, akatupa tena. Moja. Basi hapo, Bi. Mwanakheir, watu wazima niliowaheshimu wakafanya mambo ya ajabu, Mohamedali akamimina kikombe chake chote juu ya gunia ati kwa bahati mbaya, akasema, "Dadu imeogelea, haihesabiwi hii," na ndugu Simai, ambaye hajawahi kumsamehe mtu hata aliyechelewa mkutanoni, alikuwa akitazama juu kana kwamba anatafuta mvua. Wote walijua kuna posa. Mzee Machano hakumwangalia mtu ila mimi. Akaniuliza kwa upole, "Imekuwaje, mwanangu?"

Nikasema, "Moja. Amiri ameteleza, amekufa. Anayefuata."

Mimi si mtu katili. Lakini mchezo usio na sheria ni kelele, na kama nikipindisha sheria kwa sababu ya mkwe leo, kesho nitaipindisha kwa sababu ya shemeji. Mzee akavua kofia, akasema "Inna lillahi," akainuka akaingia ndani akafunga mlango.

Jumapili asubuhi akatandika mkeka barazani akakaa tanga. Sikutanii. Alikaa pale na buli la kahawa, anayepita akiuliza nani kafa anaambiwa "Amiri wangu", na watu wakianza kucheka wakimwangalia usoni wanaacha, wanavua viatu wanakaa. Mohamedali alifunga duka akaja. Ndugu Simai alikuja. Mwalim wa chuo cha Kurani alikuja akasema yeye hawezi kumsomea mtu ambaye hakuumbwa, lakini alikunywa kahawa na akakaa mpaka adhuhuri. Mimi nilibaki nyumbani, kwa sababu niliona nikienda nitakuwa nauthibitisha wazimu, na tena nilikuwa na kazi ya kuisahihisha ile sheria ya mahali penye maji, maneno yake yalikuwa hayajakaa sawa.

Ami yangu alipokwenda kuchukua jawabu la posa akaambiwa hivi, na nakunukulia kama nilivyoletewa: "Kamwambie mwanao, mie nshakufa. Maiti haozi. Mtafutieni Kazija walii mwengine wa kumuoza." Ami akambembeleza, akamwambia, "Mzee mwenzangu, ule si mchezo tu?" Mzee akasema, "Kaniua mbele ya mashahidi, tena kasema anayefuata. Basi na mimi nnamngoja huyo anayefuata."

Na anayefuata yupo. Anaitwa Mabrouk, dereva wa lori la serikali, hajui mchezo, hajui falme, hajapata kufungua kitabu kisichokuwa na picha ya injini. Alipita pale akaona tanga, akadhani ni kifo kweli, akakaa mkekani, akasikia Amiri alikufa akiwaendea askari wake, akatoka machozi. Mzee anasema kijana huyo ana adabu.

Kazija alimtumia mama yangu neno moja tu: "Mwambieni baba hali chakula." Nikapeleka samaki, changu mkubwa, mbichi kabisa, na pamoja naye nikapeleka nakala safi ya sheria, ile ya maji nimeipigia mstari, ili mzee aone kwamba hapakuwa na chuki. Samaki alirudishwa. Sheria hazikurudishwa, nasikia zimefungiwa ubuyu.

Sasa watu wananiambia mfufue Amiri uoe. Lakini nikimfufua, ndugu Simai amekwisha kusema kwamba na punda wake aliyezama Makunduchi afufuliwe, yeye hawezi kukubali amiri arudi na punda wa mkulima abaki kuzimu, na Mohamedali anataka jahazi lake la karafuu, na hapo sina mchezo tena wala sina jina, na siku kitabu kitakapotoka watu watasema huyu ndiye yule aliyeuza sheria zake kwa mke. Nisipomfufua, Kazija anakwenda na lori. Nifanye nini, Bi. Mwanakheir? Nishike sheria au nishike mke?

Nimetia na sura ya kwanza ya kitabu, ukipenda itoe gazetini, si lazima yote.

Ni mimi,
Mwandishi Aliyebanwa na Sheria Zake,
Malindi, Unguja


BI. MWANAKHEIR ANAJIBU

Marahaba, mwanangu wa Malindi. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka na sikucheka njiani, nimecheka nilipofika. Sura yako ya kwanza sitaitoa. Ukurasa wangu ni mmoja na majini wako ni wengi, na karatasi siku hizi unajua zinavyopatikana.

Nianze na hili ulilolificha bila ya kujua. Hukuniandikia kuhusu mke. Samaki wako wanasema, mfalme wako ana vivuli viwili na nimeelezwa kila kimoja kimetoka wapi, punda wa katibu najua alizama wapi. Huyo Kazija nimeambiwa anashona kofia na anacheka dirishani, basi, umekwenda zako kwenye dadu. Hujanambia anapenda nini. Hujanambia kama anakutaka. Mtu akikusoma wewe atadhani unataka kuoa baraza, na binti umepewa kama nyongeza ya dukani.

Haya, tuje kwenye sheria zako, na hapa nitakushangaza, maana niko upande wako. Usimfufue. Hata akikuomba mama yako, hata akikuomba ami yako, Amiri Shamsi amekufa na abaki amekufa. Lakini sababu yangu si yako. Wewe unalinda jina lako ambalo, nisamehe, bado hujalipata. Mimi namlinda Mzee Machano. Rudi kwenye barua yako uisome kama ni ya mtu mwengine. Simai kataka punda wake. Mohamedali kataka jahazi, na alikuwa tayari kumwaga kahawa nzima kwa ajili ya kuficha dadu. Mzee Machano kataka nini? Hakutaka kitu. Hakugombana, hakusema dadu imeogelea. Alikuuliza, ukamjibu, akavua kofia akasema lile neno linalosemwa mtu akifa, akaenda akakaa tanga. Katika baraza zima hilo yeye ndiye mtu pekee aliyeifuata sheria yako mpaka inapoishia. Leo ukimfufulia Amiri wake utakuwa umemwambia mbele ya mtaa kwamba kofia aliivulia upuuzi. Atakuchukia na atakuwa na haki.

Kosa lako si dadu. Kosa lako umeliandika kwa mkono wako na ukapita juu yake ukaenda kusimulia habari za Mwalim na kahawa. Umesema: mimi nilibaki nyumbani. Mwanangu! Tangu lini hapa kwetu jirani akafiwa mtu akabaki nyumbani kusahihisha maneno? Sisi tunakwenda hata kwa tuliogombana nao. Tunakwenda hata kwa wasiotuamkia, tunakaa kwenye mikeka yao tunakunywa kahawa yao, na ugomvi tunauendeleza wiki ya pili. Duka limefungwa mchana kweupe. Katibu wa tawi, ambaye majini kwake ni jambo la kuwekwa kwenye ajenda, amevua viatu. Mabrouk hamjui marehemu, hajui hata kama marehemu alipata kuwa hai, na amelia. Wewe uliyemzaa huyo Amiri na wewe uliyemuua, ndiye mtu pekee wa Malindi ambaye hukwenda kumpa mzee mkono.

Na unasema ulichelea kuuthibitisha wazimu! Wazimu wa nani? Nani aliyeleta gunia barazani? Umelia kurasa mbili nzima kwamba hakuna anayekuamini. Wachapishaji wanataka kuku, Simai anataka eka, watu wanakuuliza mchana unafanya nini. Halafu Mungu akakupa mtu mmoja aliyeamini. Mmoja tu, lakini ameamini mpaka chakula hakimpiti kooni. Na huyo ndiye uliyemwambia "anayefuata". Mimi nimewasikia waandishi wengi wakilia kwamba hawana wasomaji. Sijapata kumsikia aliyempata mmoja, akamuua, kisha akampelekea changu.

Huyo changu naye, nisimpitie kimya. Binti wa watu amekutumia neno zito, baba hali, na wewe ukaelewa kwamba nyumba hiyo haina kitoweo. Mzee aliyekuwa akiamrisha bandari nzima, vijana mia wakiinua anaposema inueni, na leo huenda akiomba maji nyumbani kwake lazima aombe mara mbili, huyo wewe ulimpa merikebu. Ulimpa askari, akawapa majina yeye mwenyewe kwa sababu wewe hukujishughulisha. Sauti yake ikarudi. Kisha ukamtelezesha kwenye mlango wa bafu, mbele ya marafiki zake, siku moja baada ya kumwomba binti yake, na ukamtaka mwenzake atupe dadu. Samaki hata angekuwa wa dhahabu asingeliwa.

Sasa nisikilize vizuri, na usiongeze lako.

Kesho, baada ya alasiri, vaa kanzu safi. Ami yako akutangulie, na mama yako apite ndani kwa wanawake. Gunia liache nyumbani. Dadu ziache. Sheria ziache, na ukisikia mkono wako unakwenda kuzichukua, mwambie mama yako akufungie kabatini. Ukifika usikae kwenye baraza ya juu, kaa mkekani, chini yake. Mshike mkono kwa mikono yako miwili umwambie, "Mzee, nimechelewa kukupa mkono. Niwie radhi." Kisha nyamaza. Najua kunyamaza kwako ni kazi ngumu kuliko kupindua ufalme, lakini nyamaza. Akikutukana, itikia naam. Akikupa mgongo, kaa. Akikupa kahawa, kunywa, na ikiwa ya jana kunywa vilevile.

Posa usiitaje. Usiitaje hata kwa kukohoa. Mzee amesema maiti haozi, na hilo si kosa, ni neno la mtu aliye tangani. Tanga huwa linaisha. Mfiwa huinuka siku moja akakunja mkeka wake, akanyoa ndevu, akauliza kuna nini cha kula, na mzee anayeuliza kuna nini cha kula yu hai, na uwalii wake uko pale pale. Lakini ainuke mwenyewe. Usimwinue wewe kwa haraka zako.

Huko ndani mama yako amuulize Kazija, taratibu, pasipo shangazi kumi wa kumjibia, kama anakutaka. Kama hakutaki, rudi nyumbani ukaandike, na siku ya harusi nenda ukampongeze Mabrouk kwa roho safi. Unamcheka kwamba hajafungua kitabu kisichokuwa na injini. Mimi nimemwona kwenye barua yako mara moja tu, na mtu anayeweza kulia kwenye msiba wa asiyemjua ningempa binti yangu nikalala usingizi. Kama anakutaka, basi mjue kwanza. Muulize anacheka nini nyuma ya dirisha hilo. Huenda anawachekeni nyinyi, na ukioa mtu aliyekwisha kukucheka umepunguziwa kazi nyingi.

Limebaki moja, na hili silisemi kwa mzaha. Ukikaa hapo mkekani ukanyamaza vya kutosha, mzee atakuuliza. Wafiwa wote huuliza, hata wawe wamekasirika vipi, kwa sababu hawawezi kulala bila ya kujua. Atakuuliza, "Alikufaje?" Hapo ndipo nataka niuone uandishi wako unaousema. Dadu usizitaje. Kuku wa lulu umewapa sura nzima, na kwa mtu huyu ulikuwa na maneno machache ya kukimbilia zamu ya mwenzake. Mpe kifo chake. Mwambie aliingia hamamuni na nani, na nani alimwambia usitangulie, Amiri, akakataa akatangulia. Mwambie taa ilikuwa mkononi mwa nani. Askari wake uwataje kwa majina, yale aliyowapa yeye, na kama umeyasahau muulize, atakutajia. Mwambie walimbeba vipi kwenye jiwe lile la utelezi, nani alimfumba macho, na kama wale waliofungwa upande wa pili walisikia kwamba alikuwa njiani anawajia. Usimpambe kwa uongo, wala usimwambie alikufa akiwa ameshinda, maana yeye alikuwapo na anajua hakushinda. Msimulie polepole kama mtu anayesema kweli, mpaka maghribi iadhiniwe.

Na ukiona machozi yanakutoka wewe kabla hayajamtoka yeye, usiyafute. Marehemu alikuwa wako pia.